Sisi wa Upande wa Jua

Jumapili iliyopita nilizomewa kwenye kibanda umiza kimoja cha hapa Uyole, wala sikujali. Nilikuwa nimefunga duka langu la pembejeo mapema, nikaingia kupoteza muda. Unavijua vibanda hivi: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni kubwa ukutani, na vijana wamebanana kama viazi kwenye gunia la lumbesa lililojazwa kupita kiasi. Ilikuwa mechi ya Ulaya. Timu kubwa, ambayo nusu ya vijana wale walikuwa wamevaa jezi yake, ilikuwa inacheza na timu ndogo iliyopanda daraja juzijuzi tu. Ile ndogo ilikuwa imeshafungwa mabao matatu. Ikapata kona, nami nikajikuta nimesimama napiga kelele.

Kijana mmoja wa bodaboda akanigeukia, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Samahani mama, hiyo timu unaijua hata inatoka wapi?"

Nikamwambia siijui.

"Sasa unaishangilia kwa nini?"

"Kwa sababu inafungwa."

Basi, kibanda kizima kikaangua kicheko. Hata mwenye televisheni alicheka mpaka akajifuta macho. Nilikaa, nikaendelea kushangilia hadi kipenga cha mwisho, wakapigwa na la nne, nikatoka nje nimechangamka kama mtu anayetoka harusini. Wale vijana hawakunipa nafasi ya kujieleza. Wewe, rafiki yangu, nitakueleza wewe.

Nilikulia Mlandege, pale Iringa mjini, kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Mimi na wazazi wangu tulikaa vyumba vya mbele, bibi chumba cha kati, na uani kulikuwa na chumba kimoja cha kupangisha. Bibi alikuwa Mhehe wa Kalenga. Shamba lake lilikuwa hukohuko, na kila msimu tulikuwa tukienda kupalilia mahindi na kuchuma maharage, tukirudi na vifurushi kichwani. Maharage hayo aliyauza sokoni, na yaliyobaki tuliyala sisi, yakichemka jikoni tangu asubuhi pamoja na mahindi. Mpaka leo nikisikia harufu ya makande yaliyoanza kushika chini ya sufuria, naona ukungu wa mwezi wa saba ukishuka kutoka milimani, na watoto wote wa mtaa tumevaa sweta zilizochoka viwiko.

Chumba cha uani alipanga kijana mmoja kutoka upande wa Njombe. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate cha familia moja ya Kihindi, katikati ya mji. Alitoka alfajiri, akarudi mchana, nguo zake zikinuka hamira, mkononi ameshika mfuko wa mikate iliyovunjika ambayo haiwezi kuuzwa. Tulikula mikate ile na chai ya mchaichai, na mimi nilikuwa nikiamini kwamba mkate mzima hauna utamu kama uliovunjika. Alikuwa mpole, mfupi, mwenye mikono mipana. Na alikuwa golikipa wa timu ya kata yetu.

Timu yenyewe, sitaki nikudanganye, ilikuwa dhaifu. Winga alikuwa kinyozi. Beki mmoja alibeba magunia sokoni, mwingine alikuwa fundi baiskeli. Jezi zao zilikuwa za rangi moja ukizitazama kutoka mbali tu. Golikipa wetu aliingia golini kwa sababu wengine wote walikataa kukaa pale, na akapazoea. Walifungwa na timu za kata nyingine, wakafungwa na timu ya shule ya sekondari, wakafungwa hata na timu ya madereva wa malori waliokuwa wakipita tu.

Bibi hakuwa na habari na mpira. Yote yalianza mashineni, tulikokwenda kusaga mahindi. Tukiwa kwenye foleni, wanawake wawili walikuwa wakimsema golikipa wa timu ya kata, kwamba mipira inampita kama gunia lililotoboka, na kwamba mtu wa namna hiyo angekaa nyumbani akasuka mikeka. Bibi alisikiliza huku ameinamia ndoo yake. Kisha akaniuliza taratibu kama wanamwongelea mpangaji wetu. Nikamwambia ndiyo. Njiani tukirudi, ndoo kichwani, akasema kwamba mtu anayelala kwake na kula kwake hatatukanwa mashineni mbele yake tena.

Jumamosi iliyofuata akajifunga kitenge chake kizuri, akachukua kigoda, akaniambia nimwoneshe huo mpira unachezwa wapi. Akakiweka kigoda nyuma ya goli letu, akakaa. Aliuliza maswali kipindi kizima. Kwa nini huyu peke yake ndiye anaruhusiwa kushika? Kwa nini hao wengine wanakimbilia mbali wanamwacha? Tulifungwa sita siku ile. Wakati wa kurudi bibi alikuwa amekwishafikia uamuzi wake. Alisema ameangalia vizuri, na kila goli lilipita kwa watu kumi kabla halijafika kwa mpangaji wake, kwa hiyo lawama zigawanywe. Toka siku hiyo hakukosa mechi hata moja.

Alikuwa na masharti yake. Mtu haondoki kabla ya kipenga cha mwisho. Mtu hamtukani mchezaji wa kwao. Wa timu nyingine anaweza kumtukana kidogo, lakini siyo mama yake. Na mechi ikiisha, hasa wakiwa wamefungwa, unakwenda kuwapa mkono mmoja mmoja na kuwasalimia kwa Kihehe, "kamwene", kama watu waliotoka safari. Wale vijana walikuwa wakimsubiri. Niliwahi kumwona yule beki wa magunia, mtu mkubwa kama mlango, ameinama ili bibi amfute vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

Mwenzake bibi katika shughuli hii alikuwa jirani yetu, mzee Mwislamu mwenye duka la kanga, ambaye babu yake alikuja Iringa akitokea Kilwa. Yeye alileta debe tupu la mafuta na fimbo mbili, na alilipiga mpaka mbwa wa mtaa wakahama. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na cha bibi kilikuwa cha huku kwetu, hakitaki kusumbuliwa na ngeli. Bibi akisema "goli yetu", jirani anamrekebisha "goli letu, mama, goli letu." Bibi anaitikia vizuri, halafu mpira ukisogea anapiga kelele, "Linda goli yetu!" Walikuwa wakibishana hivyo mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeshinda.

Halafu siku moja likapita gari la matangazo. Moja ya zile timu kubwa za Dar es Salaam ilikuwa inakuja Iringa, na itacheza na timu yetu ya kata mechi ya kirafiki kwenye uwanja mkubwa wa mjini. Sitaitaja ni ipi, maana nina ndugu pande zote mbili na nataka kuendelea kupokelewa kwenye misiba yao. Ila ujue kwamba baba yangu alikuwa mgonjwa wao. Alikuwa fundi magari, mtu asiyeongea sana, lakini timu hiyo ikicheza alikuwa akiweka redio sikioni na kututoa wote sebuleni. Alikuwa na jezi yao, ameikunja juu ya kabati kama nguo ya ubatizo.

Ungedhani mji ungefurahi kwamba vijana wetu wamepata heshima ile. Mji ulifurahi kwamba wageni wanakuja. Ndani ya siku chache Iringa nzima ilikuwa imevaa rangi zao. Vibanda vya sokoni vilitundika bendera zao, saluni ya winga wetu mwenyewe ikajaa wateja wanaotaka kunyoa kama mshambuliaji wa Dar. Shuleni mwalimu wetu wa kuimba akachagua kwaya ya kwenda kuwapokea wageni uwanjani. Mimi nilikuwa na sauti, akanichagua. Kila mmoja alipewa utepe wa rangi zao afunge kichwani, na tukafundishwa nyimbo mbili: moja ya kuwakaribisha, na nyingine ya kuwashangilia wakati wa mchezo. Hakuna aliyeuliza nani atawaimbia wale wengine.

Wiki hiyo golikipa wetu aliacha kucheka. Kazini wenzake walikuwa wakiwekeana dau atafungwa mangapi. Wateja waliokuja kununua mkate walimuuliza kama ameandaa mfuko wa kubebea magoli. Jioni moja tukiwa jikoni tumezunguka moto, akasema hataki tena kucheza, kwamba afadhali aende mwingine, maana mji mzima unakwenda pale kumtazama yeye akiaibika.

Bibi alikuwa anapembua maharage. Aliendelea kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Hao wakubwa wana watu wa kuwapigia makofi kila mahali wanakokwenda," alisema. "Ninyi mna sisi tu. Nenda kakae golini pako. Sisi tutakaa nyuma yako."

Golikipa akala chakula chake, akaosha sahani yake mwenyewe kama kawaida, akaenda kulala. Nami nikamwonesha bibi utepe wangu, nikamuuliza nifanye nini. Nilitaka anikataze, nipate wa kumsingizia. Hakunikataza. Aliniambia wimbo wa kukaribisha wageni niuimbe vizuri sana, kwa sababu mgeni ni mgeni. Wa pili alisema nitajua mwenyewe.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Jukwaa lenye kivuli lilikuwa la wageni kabisa, kuanzia wakubwa wa mji hadi wauza karanga, na kwaya yetu tukapangwa mbele yake. Baba alikuwa katikati ya jukwaa hilo, jezi yake imepigwa pasi. Upande wa pili, kwenye jua, nyuma ya goli, niliwaona wachache tu: bibi kwenye kigoda chake, jirani na debe lake, mke wa fundi baiskeli na mtoto mgongoni, na watu wengine wa mtaani ambao wangeweza kuenea kwenye mkeka mmoja.

Tuliimba wimbo wa kwanza vizuri. Mechi ikaanza. Sitakueleza kipindi cha kwanza, kilikuwa kama mtu mzima anayecheza na watoto. Tulifungwa la kwanza watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, tukafungwa la pili, la tatu likampita golikipa wetu katikati ya miguu, na uwanja mzima ukacheka. Siyo kushangilia, kucheka. Mwalimu akatupa ishara tuimbe wimbo wa pili. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Katikati ya kicheko kile niliweza kulisikia lile debe, mbali, likigongwa taratibu kama mtu anayebisha hodi.

Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, na ndipo yalipotokea ninayotaka kukusimulia. Bibi alikuwa amemwahidi mpangaji wake kwamba atakaa nyuma yake, na sasa mpangaji alikuwa anahamia goli la upande wa pili. Kwa hiyo bibi alisimama, akachukua kigoda chake, akaanza kuuzunguka uwanja. Njia pekee ilikuwa ni kupita mbele ya jukwaa lile. Wakaja wote nyuma yake kwa mstari: jirani na debe, yule mama na mtoto, na wengine. Jukwaa lilipowaona likapiga kelele na miluzi, mtu akarusha ganda la ndizi. Wengine wakamwimbia bibi kwamba aende nyumbani akapike. Bibi hakuharakisha wala hakupunguza mwendo. Alitembea kama anavyotembea akienda kisimani, mgongo wima, kigoda kiko kwapani.

Walipofika usawa wetu, nilivua utepe, nikauweka kwenye benchi, nikaondoka kwenye mstari wa kwaya. Mwalimu aliniita kwa jina langu kamili. Nilisikia vizuri sana. Nikampokea bibi kile kigoda, tukaendelea kutembea. Hakunitazama hata, alisema tu kwamba nisikiburuze.

Tukakaa nyuma ya goli, na jirani akanipa fimbo moja ya debe. Sijui kama ni sisi, au kama wale wa Dar walikuwa wamechoka, au kama mtu akishaaibika kabisa hofu inamwishia. Lakini golikipa wetu alipotuona pale nyuma, aliinua mkono wake mpana mara moja, kisha akaanza kudaka. Alidaka kwa mikono, kwa tumbo, mmoja aliudaka kwa uso akaanguka na kuinuka damu ikimtoka puani. Kila alipookoa tulipiga debe kana kwamba ni goli. Jukwaa likaanza kunyamaza kidogo kidogo.

Karibu na mwisho, winga wetu, yule kinyozi, alikimbia na mpira ambao nadhani hakujua aufanyie nini. Akaupiga. Ukagonga goti la beki wa Dar, ukabadilika njia, ukaingia.

Nilikuwa natazama upande wa jukwaa wakati ule, na nitakachokwambia nilikiona kwa macho yangu. Katika kimya kile, mtu mmoja alikuwa amesimama, mikono juu, mdomo wazi, ndani ya jezi ya wageni. Alikuwa baba. Watu waliomzunguka wakamtazama kama mwizi. Akajitazama kifuani, akatutazama sisi kule kwenye jua, na hakukaa. Aliendelea kusimama hivyo mpaka mpira ulipoanzishwa tena.

Tulifungwa tatu kwa moja. Kipenga kilipolia, watu wote wakakimbilia basi la wageni, na vijana wetu wakabaki wamelala kwenye majani peke yao. Bibi akaenda kuwapa mkono, mmoja mmoja. Alipofika kwa golikipa, aliona kidole chake kimevimba, akachana pindo la kanga yake akakifunga. Yule kijana alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akamwambia bibi kwamba ni moja tu, wamepata moja tu. Bibi akamwambia amehesabu mwenyewe, ni moja, na hakuna atakayeifuta.

Jumatatu mwalimu aliniita mbele ya darasa. Akauinua ule utepe, akaniuliza, "Nani alikutuma kuondoka?"

"Nilijituma mwenyewe, mwalimu. Ile ni timu ya kwetu."

Nilichapwa, nikaondolewa kwenye kwaya. Nyumbani sikusema, lakini mikono ilisema. Asubuhi iliyofuata baba alinawa grisi, akavaa shati la kanisani, akaenda nami shuleni. Mimi nilisimama mlangoni. Alimsalimia mwalimu, akamwambia kwamba anaelewa utaratibu wa shule, lakini mtoto alikwenda kumpokea bibi yake mzigo mbele ya watu waliokuwa wanamzomea, na yeye mwenyewe, ambaye ni mtoto wa huyo mama, alikuwa amekaa kwenye kivuli. Akasema kama kuna wa kuchapwa kwa jambo hilo, siyo huyu. Mwalimu aliniruhusu kurudi kwenye kwaya. Sikurudi, wala sikujutia.

Vitu vingi vya wakati ule havipo tena. Timu ya kata ilikufa polepole, mchezaji mmoja mmoja, kama moto unaokosa kuni. Kiwanja chetu sasa ni maduka ya vifaa vya ujenzi. Mahali palipokuwa goli wanauza mabati. Golikipa alioa, akahamia Makambako, na mara ya mwisho kusikia habari zake alikuwa ana tanuri lake mwenyewe. Jirani amefariki, na duka la kanga watoto wake wamelifanya la simu. Bibi tulimzika Kalenga, mwezi wa baridi, mahindi yakiwa yamekwishavunwa, na beki wa magunia, mvi zimemjaa, alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Nikienda Mlandege siku hizi naona watoto wamevaa jezi za miji ambayo hawatafika, wakijua majina ya wachezaji ambao hawatawajua wao. Hakuna ubaya. Lakini kuna kitu hawajawahi kukipata: kumshangilia mtu leo, na kesho akakuuzia mkate.

Watu husema sisi tunaoshabikia wanyonge tunapenda huzuni, au tunaogopa kushindana. Wengine husema tunajifanya wema. Waseme. Mkubwa ana magazeti, ana redio, ana jukwaa lenye kivuli, ana kila kitu isipokuwa haja ya mimi kumshangilia. Nikiongeza sauti yangu kwake inapotea kama chumvi ziwani. Nikiipeleka upande wa pili, inasikika. Mtu anageuka kuona ni nani. Sauti ni yangu, nami nitaipeleka ninakotaka mpaka iniishie.

Nyuma ya soko letu hapa Uyole kuna timu ya wasichana. Wengine wanauza nyanya, wengine wanasoma bado, na wanafanya mazoezi kwenye kipande cha ardhi chenye mteremko, malori ya Tunduma yakipita kando yao yanawafunika vumbi. Kocha wao ni mama muuza mitumba. Sijawahi kuwaona wakishinda. Jumamosi wanacheza na timu ya mjini iliyopata jezi mpya na basi la kukodi, na vijana wa bodaboda wamekwishaanza kuwatania.

Nimewaambia wateja wangu kwamba Jumamosi mchana duka litafungwa.